Bati la Ishirini

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na watu wakijua hilo hudhani kwamba napenda kila nyumba. Wapi! Ziko nyumba nikizipita nageuza uso, najiuliza, haki ya nani, kuna mtu alitoa simiti yake nzuri akajenga hii kwa hiari yake? Nyumba iliyobandikwa vigae vya bafuni ukuta mzima wa nje, vya rangi ya waridi, ambayo ukitaka kuisafisha ni kuchukua sabuni na sponji tu. Jengo la orofa nne lenye vioo vya buluu visivyofunguka, watu wanaiva humo ndani. Embu mjini, mkabala na ofisi nilimokuwa nimeajiriwa, palikuwa na moja la kijani na machungwa, ngazi yake imening'inia nje kwa sababu aliyelijenga aliikumbuka baadaye. Miaka sita nililitazama kila asubuhi nikinywa chai, na kila asubuhi lilinikera upya.

Nina mdomo, sikatai. Mama yangu husema siku niliyozaliwa nilianza kwa kumkosoa mkunga.

Mwaka mmoja ofisi ilinituma Laare, kule juu kwenye vilima vya Nyambene, kwa mkulima wa miraa aliyetaka kujenga. Mzee wa watu alinipokea vizuri sana. Aliniketisha, akaniletea chai ya maziwa matupu, kisha akatoa simu na kunionyesha picha ya jumba lenye nguzo kumi na sita. Nguzo nene za duara, zimevishwa mashada ya majani ya simiti huko juu.

"Nataka hizi zote," akasema, "na mbili za ziada hapa kwa geti."

Nikamuuliza nguzo hizo zitabeba nini. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sikusoma.

"Hazibebi kitu. Zinasimama."

Ningenyamaza ningekuwa nimefanya la maana, lakini sikunyamaza. Nilichukua karatasi nikamchorea palepale nyumba tulivu ya mawe ya kijivu, yenye baraza pana, madirisha makubwa yanayoangalia mashamba, na paa la rangi ya makaa. Aliishika ile karatasi mbali kidogo na macho, akaiinamisha huku, akaiinamisha kule.

"Ni nzuri," akasema. "Nani amekufa?"

Dereva wetu alikuwa mlangoni, akasikia. Kabla sijafika Embu ofisi nzima ilikuwa na habari, na kwa wiki mbili nikiingia mtu ananipa pole ya msiba. Kazi ya yule mzee ilipewa mwingine, asiyekuwa na shida na nguzo. Mimi ile karatasi niliikunja nikaitia kwenye mkoba. Hiyo ndiyo nyumba niliyoamua kumjengea mama.

Mama anakaa Kanja, kwenye shamba la kahawa na migomba na miti michache ya makadamia. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya mbao, na paa lake lilikuwa na hadithi. Zamani, nyumba nyingi za huko zilipokuwa bado za nyasi, wanawake waliunda kikundi cha mabati. Zamu yako ikifika, kila mwanamke wa kikundi anakuja kwako na bati moja kichwani, fundi anapanda, na jioni unalala chini ya paa lisilovuja. Zamu inayofuata unabeba bati kumpelekea mwingine. Kikundi kilipomaliza mabati kikaingia vikombe, kutoka vikombe kikaingia matangi ya maji, na wale wanawake hawajaachana mpaka leo. Wako ishirini.

Sasa mabati ya mama yalikuwa yamezeeka pamoja na walioyaleta. Yalikuwa na kutu, kila moja kwa namna yake, mengine mekundu, mengine yamebaki na madoa meupe. Yalivuja. Na mama hakusema hata siku moja kwamba paa linavuja. Alisema nani anavuja. Mvua ikianza alikuwa anainua macho, anasogeza sufuria, anasema, "Leo mwenyekiti ananinyeshea." Au anasema, "Huyu wa kwaya tangu juzi ananidondokea tu." Jumapili kanisani alikuwa anawaambia usoni, na wao wanamjibu kwamba bati lilikuwa zuri, ni yeye alilipigilia kwa ubahili wa misumari. Nimekulia chini ya maneno hayo. Nilipoanza kusomea kazi yangu nilikuwa naliangalia lile paa naona haya, naomba tu mwanafunzi mwenzangu asije kwetu.

Kwa hiyo nyumba mpya ilikuwa ya mama, alale pakavu. Lakini niseme ukweli wote, ilikuwa yangu pia. Nilikuwa nimechoka kuajiriwa. Nilitaka kufungua ofisi yangu mwenyewe pale mjini, na nani atampa kazi mchoraji ambaye hana hata nyumba moja ya kuonyesha? Za ofisi zilikuwa za ofisi. Hii ingekuwa ya kwanza kutoka kichwani mwangu hadi chini, bila mtu kuniongezea nguzo. Ningeipiga picha, niitundike ukutani, na mteja akiingia aione kabla hajakaa. Nilimweleza mama yote haya. Alielewa vizuri.

Nilimpelekea ramani Jumapili moja baada ya kanisa. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akauliza jiko liko wapi na kama moshi utapata pa kutokea. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Paa hili litachukua mabati mangapi?"

"Marefu ya kutosha, kumi na nane. Tisa mbele, tisa nyuma."

"Ongeza iwe ishirini."

Nikacheka. Nikamwambia nyumba hairefushwi hivyo, ina vipimo vyake. Baraza limekaa katikati kabisa, ukiongeza upande mmoja linaenda kombo.

"Chumba changu cha kulala ni kidogo," akasema. "Ongeza hatua moja upande huo."

"Mama, kitanda kitaenea na nafasi itabaki."

"Ongeza."

Niliongeza. Upana wa bati moja, hatua moja ya mtu mzima. Hatua hiyo ilinisumbua mwaka mzima. Nilihamisha madirisha, nikasogeza nguzo za baraza, lakini kila nikiitazama ramani naona nyumba imeegemea kulia, na aliyeiegemeza ni mama yangu kwa sababu ya chumba chenye kitanda kimoja. Nilimlalamikia kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza, hata mwuza mayai aliyekuwa akipita ofisini.

Tulijenga polepole, kuta zikipanda kadiri mkono wangu ulivyoruhusu. Mawe yalichongwa vizuri. Fundi alikuwa mtu wa Kanja palepale, mtaratibu, anayepima mara mbili na kuongea mara moja. Kuta zilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, nilinunua mabati ishirini ya rangi ya makaa, ile rangi niliyoiota, nikayapanga kwenye stoo ya mahindi na kuyafunika kwa gunia. Mama aliingia stoo, akafunua gunia, akafunika. Mimi nikafikiri ameyapenda.

Wiki iliyofuata tukiwa tunachambua maharagwe akaniuliza, "Yale mabati ni ya nani?"

"Ni ya nyumba yako."

"Paa ni la kikundi."

Nilidhani anatania. Nikamwambia hakuna haja tena, wale wanawake ni watu wazima, wengine wanatembea na bakora, wameshabeba mabati yao ujana wote. Sasa mtoto wake anafanya kazi, paa limeshanunuliwa, rangi moja, zuri.

"Wakae tu chini ya nyumba yangu mpya wanywe chai, wakijua paa limenunuliwa?" akasema. "Mimi nimepeleka bati kwa kila mmoja wao. Waje kwangu mikono mitupu?"

"Mama, na ile picha?"

"Picha utapiga. Nani amekukataza?"

Hasira zilinipanda hadi nikaacha maharagwe. Nilirudi mjini na sikumpigia simu siku kumi, na yeye hakunipigia, kwa maana kichwa changu kigumu sikukiokota barabarani. Siku ya kumi na moja nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Nilimwendea mwenyekiti wa kikundi, mama anayeuza mbegu na chakula cha kuku sokoni. Nilimsalimia kwa heshima, nikamwonyesha kipande cha bati la rangi ya makaa, nikamwomba awaambie wenzake kwamba kama lazima walete, basi walete rangi hii, wote. Alikishika, akakinusa hata.

"Tumekusikia, binti," akasema.

Nilitoka pale nikitembea kwa raha. Na mimi ni wa huko, nimezaliwa huko, najua kabisa kwamba mtu akikwambia amekusikia hajakwambia amekubali. Lakini nilikuwa nataka sana kuamini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Fundi alikuwa ameshasimamisha mbao za paa, mama ameshapika mukimo wa kulisha tarafa nzima, na mimi nimeshachaji simu. Nikasikia nyimbo huko chini kwenye njia ya mtoni. Nikainuka nione. Kitu cha kwanza nilichoona juu ya mikahawa kilikuwa bati jekundu likitembea. Nyuma yake likafuata la kijani, halafu buluu, halafu jingine buluu lakini si buluu ile. La maruni. La rangi ya chungwa, jameni, la chungwa. Mwenyekiti alikuwa na la manjano, amekaa nyuma ya bodaboda, yeye na mwenye pikipiki wamelishika pamoja, na alipofika karibu nami alinipungia mkono kwa furaha kana kwamba hatujawahi kuongea.

Nilimwendea mama, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya nyumba.

"Mama, niliwaomba walete rangi moja."

"Waliniambia."

"Sasa?"

"Nikawaambia kila mmoja alete rangi ya nyumba yake. Kwani mvua ikininyeshea nitajuaje ni nani?"

"Mama, rangi ya makaa ingependeza na haya mawe."

"Ukitaka kijivu ingia ndani uangalie juu. Kwa ndani yote ni kijivu. Ya huko nje ni ya wapita njia."

Baadaye nilipoingia nikaangalia, nikakuta ni kweli, tumbo la kila bati lilikuwa kijivu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Fundi akauliza aanze na lipi. Mama ndiye aliyeamua, mmoja mmoja, akiwa amekaa. La mwenyekiti liwekwe juu ya sebule, kwa sababu ndipo maneno yanaposemwa. La yule wa kwaya juu ya mlango, awapokee wageni. Kulikuwa na wawili ambao hawakuwa wamesalimiana tangu mbuzi wa mmoja ale mboga za mwingine, na mama akaamuru mmoja awekwe mbele na mwenzake nyuma, asitokee mtu wa kumpigia kelele usiku, alisema. Walicheka wote, hata hao wawili. Nyundo zikalia. Mimi nilichukua sahani yangu ya mukimo nikaenda kuketi nyuma ya stoo, na sitaficha, machozi yalinilenga. Nilikuwa naisikia nyumba yangu ikigeuka kuwa shuka la viraka, na pamoja nayo ofisi yangu, na ukuta ule wa picha. Nilikula mukimo wote lakini kwa uchungu.

Ndipo fundi akaniita kutoka juu.

"Bati moja limepungua."

Nilitoka. Ni kweli. Kumi ya mbele yalikuwa kamili. Nyuma yalikuwa tisa, na mwishoni kabisa, juu ya chumba cha mama, palikuwa na uwazi, unaona mbao na mbingu. Nilihesabu tena. Kumi na tisa. Nikubali dhambi yangu, nilifurahi. Kelele zote hizo na wameshindwa kuhesabu, nikasema moyoni. Nikawageukia.

"Mmekuwa mkileta mabati tangu sijazaliwa, na leo mmekosea hesabu?"

Walimwangalia mama, na baadhi yao walikuwa wanatabasamu.

"Hawajakosea," mama akasema. "Tuko ishirini kwenye kikundi. Mwenye nyumba haleti, wanabaki kumi na tisa. Hilo la mwisho ni lako."

Niliinua macho kwenye ule uwazi.

"Ile nyumba yako ya mabati kumi na nane," akaendelea, kwa sauti ileile ya kuuliza jiko liko wapi, "mmoja wao angekosa mahali. Na wewe ungekaa wapi? Ndiyo nikakwambia uongeze hatua."

Mwaka mzima. Mwaka mzima nimeilaani ile hatua, nimemlalamikia hadi mwuza mayai. Mimi ndiye mwenye kazi ya kujua kila ukuta kwenye ramani umewekwa kwa nini, na nyumba ya kwanza iliyotoka kichwani mwangu ilikuwa na sehemu moja ambayo sikuijua maana yake, na sehemu yenyewe ilikuwa mimi. Mama baadaye alisema ndiyo siku ya kwanza aliniona nimefunga mdomo, akashukuru Mungu kwa hilo pia.

Nilienda stoo, nikafunua gunia, nikatoa bati moja la rangi ya makaa. Mwenye bodaboda akataka kunisaidia, wale wanawake wakamkemea. Nililiweka kichwani mwenyewe. Sijui wao huyabebaje, langu lilipepesuka huku na huku kama lina hamu ya kurudi dukani. Mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka mlimani, matone ya kwanza yanaanza, kwa hiyo fundi alilipokea haraka, akalipigilia haraka, akateremka.

Tulirudi nyuma wote hadi kwenye migomba, tukaangalia.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. "Hilo jeusi limeharibu," akasema.

"Ni kama pengo," akasema wa kwaya.

"Ni la mchoraji," mama akawajibu, kwa fahari kabisa.

Na walikuwa wanasema kweli. Nimesomea mambo haya, nina jicho, siwezi kudanganya. Kati ya mabati yote ishirini, pamoja na lile la chungwa, baya lilikuwa langu. Nilianza kucheka nikashindwa kuacha, nikaketi chini kwenye majani yenye unyevu, na mwenyekiti akanipangusa machozi kwa pembe ya leso yake yenye harufu ya chakula cha kuku.

Mabati kumi na tisa niliyabeba nikayarudisha kwenye duka la hadiwea. Picha niliipiga. Ofisi nilifungua, chumba kimoja tu orofa ya pili, katika lile jengo la kijani na machungwa, kwa sababu ndilo lililokuwa na nafasi. Napanda ile ngazi ya nje kila siku, na nikuambie, ina upepo mzuri. Picha ya nyumba ya mama niliitundika ukutani kama nilivyopanga, ila niliipiga kwa nyuma, upande wenye langu.

Siku moja nani aingie, yule mzee wa Laare. Nguzo zake kumi na nane zilikuwa zimeshasimama, alinionyesha kwenye simu, na sasa alitaka nyumba ndogo ya wageni. Hakuketi. Alienda moja kwa moja kwenye picha.

"Hii sasa ndiyo nyumba," akasema. "Kumbe unaweza. Nichoree paa hili."

"Una marafiki kumi na tisa?" nikamuuliza.

"Wa kufanya nini?"

"Wa kukuletea bati, kila mtu lake, hadi mlangoni."

Alifikiri. Nilimwona akihesabu kwa vidole, mkono wa kwanza akaumaliza upesi, wa pili akakaa nao muda mrefu. Mwishowe akavuta kiti.

"Basi nichoree nguzo," akasema. Nikamchorea nne, na zote zinabeba.

Mvua ndefu zilipoanza mama alinipigia simu asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nafungua mlango. Alinipa habari za kahawa, habari za kuku, habari za wale wawili wa mbuzi, ambao sasa wanasalimiana. Nikamuuliza paa limekuwaje.

"Imenyesha tangu jana," akasema. "Hakuna aliyenivujia."

Nikashukuru.

"Ni wewe tu," akasema. "Hapa juu ya kitanda, upande wa miguu."

Nikamwambia ni ile haraka ya fundi, msumari mmoja haukukazwa, nitamtuma alipande.

"Fundi wa nini? Kwani nimesema fundi ndiye ananivujia?" Nilisikia sufuria ikisogezwa sakafuni. "Nimekinga. Njoo Jumamosi."

Nilienda Ijumaa.